GITAA LIKUBALIANE NA MKONO
Ushauri kwa mzazi na kijana wanaotaka kununua gitaa la umeme

Wahenga walisema: Mchagua jembe si mkulima. Methali hii ni ya kweli kwa mvivu, ambaye kila asubuhi hulitafutia jembe kasoro ili jua lipande naye yu kivulini. Lakini mkulima hodari naye hachukui jembe lolote lililo mbele yake. Hushika mpini, hupima uzito, hutazama kama limekaza, kwa kuwa anajua kwamba mpini uliolegea utamchubua viganja kabla hajamaliza tuta la kwanza. Ndivyo ilivyo kwa ala za muziki, na hasa gitaa la umeme, ambalo vijana wengi wa Kampala, wakiwamo watoto wa askari wetu, wanalitamani.

Nitaanza na kisa nilichokishuhudia mwenyewe.

Konstebo mmoja wa polisi, ambaye kwa heshima yake sitamtaja jina, alikuwa na mwana wa miaka 15 aliyependa muziki kupita kiasi. Kila Jumamosi kijana huyo alisimama nje ya ukumbi uliokuwa karibu na nyumba za askari, akitazama kupitia dirishani vidole vya mpiga solo. Baba aliweka akiba kwa miezi 14, akidunduliza kutoka katika mshahara ambao tayari ulikuwa umegawanywa kati ya unga, karo na nauli. Siku ya kununua ilipowadia akaenda mjini peke yake, maana alitaka kumshtua mwanawe kwa furaha. Dukani akaliona gitaa jekundu likimeta kama gari jipya. Hakulishika ila alipokabidhiwa likiwa limekwisha kufungwa. Akalipa, akapanda bodaboda, akarudi nyumbani.

Furaha ile ilidumu majuma matatu. Vidole vya kijana vilichubuka, jambo ambalo ni la kawaida kwa kila anayeanza. Lakini vidole vya wenzake vilikomaa baada ya mwezi mmoja, ilhali vyake viliendelea kuuma. Kila alipojaribu kubana nyuzi zote sita kwa kidole kimoja, sauti zilikufa. Baada ya miezi 8 gitaa lilikuwa limening'inia ukutani, na baba, kwa uchungu wa fedha zake, akatamka neno ambalo baadaye alitamani kulirudisha kinywani: "Mwanangu, tusidanganyane. Wewe huna kipaji."

Siku moja alifika pale mzee mmoja aliyekuwa amepiga gitaa katika bendi kwa miaka mingi. Aliliteremsha gitaa ukutani, akalipakata, akabana uzi mmoja, kisha wa pili. Akalitazama shingo kwa jicho moja, kama mtu anayelenga shabaha.

"Afande, nani alilichagua hili?" akauliza.

"Mimi, mzee."

"Kwa macho au kwa mikono?"

Konstebo akanyamaza. Mzee akaendelea: "Mimi nimepiga gitaa tangu ujana wangu, na hili siliwezi. Mwanao amelivumilia miezi minane. Mtu mwenye ukaidi wa namna hiyo usimwambie hana kipaji."

Kasoro ilikuwa wazi kwa anayejua kutazama. Shingo ilikuwa imepinda kuelekea mbele, na nyuzi zilikuwa zimeinuka zaidi ya milimita 4 juu ya ubao, karibu mara mbili ya kimo kinachofaa. Kijana yule alikuwa akipigana na chuma. Jioni hiyo baba alimwita mwanawe, akamwomba radhi mbele ya mama yake.

Ndugu msomaji, hasara kubwa ya gitaa lisilofaa ni imani ambayo mtoto hupoteza. Fedha zaweza kupatikana tena. Lakini mtoto aliyekwisha kuamini kwamba hana kipaji aghalabu harudi tena kwenye ala ile, na pengine wala kwenye nyingine.

GITAA SI MGENI KAMBINI

Wapo wazee wanaodhani kwamba gitaa la umeme ni jambo la starehe lisilohusiana na nyumba ya askari. Historia inasema vingine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la King's African Rifles lilikuwa na kikosi cha burudani, na miongoni mwa waliohudumu humo alikuwamo Fundi Konde wa pwani ya Kenya, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kulipatia gitaa la umeme sifa katika Afrika Mashariki. Baada ya vita, wanamuziki waliotoka katika kikosi hicho waliunda bendi iliyoitwa Rhino Boys, ambayo ilianzia hapa Uganda kabla ya kuhamia Mombasa.

Katika nchi jirani ya Tanzania, bendi za vyombo vya ulinzi zilijipatia umaarufu mkubwa: Polisi Jazz, Mwenge Jazz ya Jeshi la Wananchi, na Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa. Nasi hapa Kampala tuna Afrigo, iliyoundwa mwaka 1975 na wanamuziki akiwamo mpuliza saksafoni Moses Matovu, bendi ambayo vizazi kadhaa vimecheza dansi kwa magitaa yake.

Wala wazo la kulinganisha ala na mtu halikutoka ng'ambo. Waalur wa Nile Magharibi huchonga adungu za kadiri mbalimbali, kuanzia ile ndogo ya kukumbatiwa kifuani hadi ile kubwa inayosimamishwa chini na kutoa sauti nzito. Kila moja ina kazi yake katika kundi, na ina mpigaji anayeiweza.

KWANZA JUA UNATAKA KUPIGA NINI

Katika bendi zetu za dansi, magitaa hugawana kazi. Rithimu hushikilia mwendo wa wimbo, solo huimba juu yake, na besi huunganisha magitaa na ngoma. Gitaa la besi huwa na nyuzi 4 nene, na sehemu ya uzi inayotetemeka huwa na urefu wa kiasi cha milimita 864. Basi usimnunulie besi kijana anayetaka solo kwa sababu tu bei yake ni nafuu wiki hiyo.

Mwulize mwanao ni nani anayempenda kumsikiliza. Anayempenda Franco wa Kongo na anayepiga nyimbo za kanisani hawatafuti sauti moja. Swali hili halina gharama yoyote, na laiti konstebo wetu angelimwuliza mwanawe, wangekwenda dukani pamoja.

SHINGO NA MKONO

Shingo ndiyo sehemu ambayo mpigaji huishika kila dakika, kwa hiyo ndiyo ya kuchunguzwa kabla ya rangi. Shingo hutofautiana kwa unene, upana na urefu. Gitaa la Fender aina ya Stratocaster, lililotolewa mara ya kwanza mwaka 1954, lina urefu wa uzi wa milimita 648. Gibson Les Paul, lililotokea mwaka 1952, lina milimita 628 hivi. Magitaa mengi yanayouzwa leo, hata yale ya bei ndogo kutoka Asia, hufuata mojawapo ya vielelezo hivyo viwili. Tofauti ya milimita 20 yaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini mkono huisikia: katika lile fupi freti, yaani vile vichuma vilivyopandwa kwenye shingo, hukaribiana zaidi, na nyuzi za unene uleule huwa laini zaidi kubana. Kijana mwenye viganja vidogo aweza kuona nafuu hapo.

Ushike shingo bila kuikaba. Kidole gumba kikae nyuma, na vidole vinne vifike kwenye uzi mnene bila kifundo cha mkono kupinda mno. Ukihisi maumivu katika kifundo baada ya dakika 5, hapana haja ya kubishana. Weka gitaa hilo chini, uombe jingine.

KIMO CHA NYUZI

Hapa ndipo wengi huumia bila kujua sababu. Hesabu freti kutoka kichwani mwa gitaa hadi ya 12. Hapo, pengo kati ya freti na uzi mnene kabisa laweza kuwa milimita 2 hivi, na chini ya uzi mwembamba kabisa milimita 1 na nusu. Zikizidi sana hapo, vidole vitateseka. Zikipungua sana, nyuzi zitagonga freti na kutoa mlio wa kukwaruza. Askari yeyote aliyezoea kuchunguza silaha yake aweza kufanya uchunguzi huu kwa rula ndogo ya shule.

Kisha bana kila uzi katika kila freti, mmoja baada ya mwingine, na usikilize. Kazi hii huchukua dakika 10 na mwenye duka aweza kunung'unika. Mwache anung'unike. Sauti ikifa mahali fulani, au freti mbili zilizofuatana zikitoa sauti ileile, kuna kasoro.

Lakini si kila kasoro ni ya kulikataa gitaa. Ndani ya shingo za magitaa mengi ya umeme mna ufito wa chuma ambao hukazwa au kulegezwa ili kuinyoosha shingo iliyopinda, na kwenye daraja la nyuzi mna skrubu za kuinua na kushusha kila uzi. Fundi mwenye ujuzi hurekebisha hayo kwa muda mfupi. Shingo iliyopinda kama kamba iliyosokotwa, au iliyopasuka karibu na kichwa, ndiyo ya kuachana nayo.

Unene wa nyuzi nao ni jambo la kuangalia. Wapigaji huziita kwa namba ya uzi mwembamba kabisa: seti ya tisa ina uzi wa milimita 0.23, na ya kumi milimita 0.25. Kwa anayeanza, tisa ni laini kwa vidole. Nyuzi hubadilishwa kwa gharama ndogo, kwa hiyo usilikatae gitaa zuri kwa sababu ya nyuzi zenye kutu.

UZITO NA MWILI

Gitaa la umbo la Les Paul mara nyingi hupita kilo 4, na lile la umbo la Stratocaster huwa kiasi cha kilo 3 na nusu. Nusu kilo si kitu mtu akiwa ameketi dukani. Katika harusi inayoanza saa mbili za usiku na kwisha alfajiri, nusu kilo hiyo hugeuka kuwa mawe begani. Kwa hiyo jaribu gitaa ukiwa umeketi, kisha uvae mkanda na kusimama. Uachie mkono wa kushoto. Gitaa likitulia, ni vema. Kichwa kikianguka kuelekea sakafuni, mkono utakaotakiwa kupiga utakuwa na kazi ya pili ya kubeba.

Kwa wale wanaotumia mkono wa kushoto, yapo magitaa yaliyoundwa kwa ajili yao, ijapokuwa hayapatikani katika kila duka. Jimi Hendrix wa Marekani, aliyefariki mwaka 1970, alisifika kwa kugeuza magitaa ya mkono wa kulia na kuyafunga nyuzi upya. Usimlazimishe mtoto kubadili mkono kabla hujamtazama jinsi anavyolishika gitaa kwa hiari yake. Wala usidhani kwamba binti hawezi. Mkono mdogo hutaka shingo inayoufaa, na hilo ni kweli kwa wavulana kadhalika.

SAUTI NA UMEME

Kabla ya kuliunganisha na amplifaya, lipige gitaa likiwa kavu. Gitaa lenye afya hutoa sauti inayodumu hata bila umeme, na utaihisi ikitetemeka mbavuni. Ndipo uwashe mashine. Chini ya nyuzi mna vinasa sauti, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi wa chuma unapotetemeka juu yake huzalisha umeme mdogo sana, na huo ndio unaokuzwa na amplifaya.

Kinasa chenye koili moja hutoa sauti angavu, ila hudaka pia mvumo wa umeme wa nyumbani, ambao hapa kwetu una mizunguko 50 kwa sekunde. Chenye koili mbili, kilichobuniwa na Seth Lover wa kampuni ya Gibson mwaka 1955, huufuta mvumo huo na kutoa sauti nene zaidi. Hapana bora kati ya hivyo viwili. Sikio lako ndilo litakaloamua. Zungusha kila kitufe na usogeze kila swichi, na kama kuna mkwaruzo, uliza bei ya kurekebisha kabla ya kuuliza bei ya kununua.

Jambo la usalama lisisahauliwe. Umeme wa Uganda ni wa volti 240. Amplifaya iliyotengenezwa kwa matumizi ya Marekani, ambako volti ni 120, itaungua ikichomekwa kwetu bila transfoma. Tena usiruhusu fundi yeyote akate waya wa ardhini katika plagi ili kuondoa mvumo. Mpigaji hushika nyuzi za chuma zilizounganishwa na mashine, na hitilafu yaweza kumpitia mwilini. Mwaka 1972, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifariki jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kugusa maikrofoni isiyounganishwa ardhini. Mama mwenye nyumba na ahakikishe kwamba gitaa halipigwi miguu mitupu juu ya sakafu iliyolowa.

MFUKO WA NYUMBA

Katika kupanga bajeti, usitumie fedha zote kwa gitaa peke yake. Tenga sehemu kwa ajili ya amplifaya ndogo, waya, mkanda, mfuko wa kubebea na seti moja ya nyuzi za akiba. Gitaa lililotumika laweza kuwa bora kuliko jipya la bei ileile, mradi tu freti zake hazijachimbika chini ya nyuzi na vigingi vya kukazia nyuzi vinazunguka bila kuteleza. Likaze liwe sawa kwa kutumia programu ya simu, upige nyimbo mbili, kisha ulipime tena. Likiwa limepotoka, chunguza vigingi kwanza.

Usinunue siku ya kwanza. Nenda, jaribu, rudi nyumbani ulale. Ukirudi siku ya pili na mkono wako ukaliendea gitaa lilelile kabla ya macho, hapo pana dalili njema. Ukiweza, fuatana na mpigaji mzoefu. Na awepo yule atakayelipiga, hata kama hilo litaharibu zawadi ya ghafla.

Kwa familia zinazoishi katika nyumba za askari zilizobanana, gitaa la umeme lina fadhila moja ambayo wengi hawaijui: bila amplifaya, sauti yake haivuki ukuta. Kijana aweza kufanya mazoezi saa nzima huku baba aliyetoka zamu ya usiku akiendelea kulala. Afute nyuzi kwa kitambaa kikavu kila amalizapo, na katika miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, gitaa likae ndani ya mfuko wake mbali na ukuta wenye unyevu. Mbao husogea majira yakibadilika, na shingo iliyokuwa sawa Februari yaweza kuhitaji fundi Mei.

Sasa turudi kwa konstebo wetu. Mzee yule alinyoosha shingo, akashusha nyuzi, akafunga seti ya tisa. Kijana akapiga kwa miezi michache, kisha wakaenda pamoja mjini kulibadilisha gitaa jekundu kwa jingine la rangi ya kahawia, lililokwaruzika mgongoni, ambalo hakuna mpita njia angeligeukia. Lilikuwa na shingo nyembamba. Leo kijana huyo hupiga rithimu katika harusi, na sehemu ya karo yake ya chuo hutoka humo. Gitaa jekundu lilikwenda kwa mtu mwingine mwenye viganja vikubwa, na nasikia kwamba analipenda sana.

Mchagua jembe si mkulima, ni kweli. Lakini anayemkabidhi mtoto jembe lenye mpini mbovu, kisha akamlaumu kwa malengelenge, naye ana lake la kujibu.